Kati ya lori na kisu, ng'ombe hana mwenyewe

Jaribu kuuliza kwenye vichinjio vinavyolisha Nairobi, pale Dagoretti ama Njiru, ng'ombe akishashushwa kwa lori mpaka kisu kimfikie shingoni, ni nani anamwangalia. Hutapata jibu. Broka ameshauza na anangoja pesa yake. Aliyenunua anataka kilo. Mkaguzi wa nyama ana muhuri wake na anangoja nyama iangikwe, mchinjaji naye anangoja mnyama aletwe. Wanaobaki na yule mnyama ni vijana watatu ama wanne wenye fimbo, na hao hawakuitwa pale kumwangalia, waliitwa kumfikisha. Hapo katikati ndipo mateso mengi yanatokea, na naona tunakosea sana tukiendelea kuongea kuhusu roho mbaya ya hao vijana, kana kwamba ukiwafuta wote leo ulete wengine wapole kesho, mambo yatakuwa tofauti. Hayatakuwa, juu wale wapole watapewa fimbo zile zile, mlango ule ule na haraka ile ile.

Kila baada ya muda video inasambaa kwa WhatsApp, ng'ombe anavunjwa mkia ama mbuzi anaburutwa na mguu mmoja huku wengine wanacheka, watu wanatukana wiki nzima, mtu anasema hao wafungwe, alafu kimya. Mimi pia zikinifikia naumia, na sitaki mtu afikirie naandika hapa kuwatetea wanaopiga mnyama kwa raha zao. Wapo. Kuna mtu anayemchoma ng'ombe jicho kwa kidole kwa sababu anafurahia kumuona akirukaruka, na huyo hafai kukaa karibu na kiumbe chochote kinachopumua, hata kwa siku moja. Lakini ukikaa na watu wa hii kazi utaona wengi si hao. Wengi ni watu ambao wamefanya kitu kimoja kila alfajiri mpaka wameacha kukiona, na mateso mengi anayopata mnyama yanatoka kwa hawa wasioona, kuliko kwa yule mmoja mkatili.

Hebu tuanze na pesa, manake hapo ndipo kila kitu kinaanzia. Mchunaji kwenye vichinjio vyetu vingi hana mshahara wa mwezi, analipwa kwa kichwa, ng'ombe mmoja pesa fulani, mbuzi mmoja pesa fulani, na pengine anaongezewa kipande cha nyama ama matumbo ya kupeleka nyumbani. Hakuna barua ya kazi, hakuna bima, siku ng'ombe hawakuja hakuna chakula. Sasa mtu kama huyo mpe ng'ombe aliyesimama mlangoni amegoma kuingia. Kila dakika ng'ombe anasimama pale ni dakika ya watu sita ama saba wanaongoja kulipwa, na nje kuna pikapu na pikipiki za bucha zinataka nyama ifike Kawangware, Kibera, Kangemi kabla watu hawajaamka. Unadhani atafanya nini? Atakunja mkia, ng'ombe akikataa atapiga, akikataa tena atapiga mahali panapouma zaidi, na wenzake hawatamwambia acha, watamwambia harakisha. Kwa hivyo ule mpango wa malipo unamlipa mtu kwa kupiga. Hakuna aliyeuandika hivyo lakini ndivyo unavyofanya kazi, na mwenye kichinjio anajua.

Alafu kuna jambo ambalo watu wengi wa mjini hawalijui kabisa, kwamba ng'ombe akigoma huwa ana sababu. Macho yake yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote kwa wakati mmoja, na anaogopa vitu ambavyo sisi hata hatuvitambui: maji yanayong'aa sakafuni, mnyororo unaoning'inia na kutikisika, koti la mtu lililoangikwa ukutani, kivuli kinachokata njia, upepo unaompuliza usoni, mtu aliyesimama mbele yake. Anatoka nje kuna mwanga anaambiwa aingie kwenye chumba cheusi, hawezi kuona kuna nini ndani, basi anasimama aangalie kwanza. Ni akili hiyo, ndiyo imemweka hai huko Narok na Marsabit kwenye simba na fisi. Sasa yule kijana nyuma yake haoni mnyororo wala haoni giza, anaona ng'ombe mkaidi.

Mama mmoja wa Marekani anaitwa Temple Grandin, profesa wa mambo ya wanyama, amefanya kazi ya maisha yake yote kwenye vichinjio akiingia mwenyewe kwenye zile njia za ng'ombe aone wanachoona. Yeye ana otizimu na amesema wazi kwamba hiyo ndiyo ilimsaidia, kwa sababu anafikiria kwa picha. Alichogundua ni rahisi mpaka kinauma: toa mnyororo, weka taa ndani ili ng'ombe atoke kwenye giza kwenda kwenye mwanga, ziba zile kuta za pembeni asione watu wanaopita, fanya sakafu isiteleze, na wanyama wengi wataingia wenyewe bila kuguswa. Tena mtu anayejua ng'ombe hapigi, anasimama tu mahali panapofaa. Ukisimama nyuma kidogo ya bega lake anaenda mbele, ukisimama mbele ya bega anarudi nyuma. Mchungaji yeyote wa Kimaasai ama Mborana anajua hili tangu utotoni, hajasomea popote, na ndiyo inayonishangaza, kwamba mnyama anayetoka kwa watu wenye ujuzi wote huo, wanaomjua kwa jina na rangi na ukoo wa mama yake, akifika Nairobi anapokelewa na watu ambao hakuna aliyewahi kuwaambia bega ni wapi.

Huyo huyo Grandin mwaka 1988 aliandika kuhusu tabia za wafanyakazi wa vichinjio na minada kwa wanyama, na kitu ninachokirudia kila mara kutoka kwake ni hiki: tofauti kubwa kati ya kichinjio ambapo wanyama wanateswa na kile ambapo hawateswi ilikuwa meneja. Ukipata meneja anayejali, anayetembea huko nyuma, anayesema hapa hatupigi na akimkuta mtu anapiga anamtoa, wafanyakazi wanabadilika. Akiwa mtu wa kukaa ofisini na hesabu, wanarudi kwenye fimbo. Alisema pia ile kazi ya kuua yenyewe isiachiwe mtu mmoja siku zote, watu wabadilishane, kwa sababu mtu akiua tu kutwa nzima miezi na miaka kuna kitu ndani yake kinakufa ganzi, na kwa wachache kinageuka kuwa raha.

Mwaka 1996 wizara ya kilimo ya Marekani ilimpa kazi ya kupima vichinjio. Kwa ng'ombe, kati ya vichinjio 10 alivyopima ni 3 tu vilivyoweza kumzimisha ng'ombe, yaani kumpoteza fahamu kabla ya kisu, kwa pigo la kwanza mara 95 kati ya 100. Alafu kampuni ya McDonald's, ambayo hununua nyama nyingi sana, ikaamua kukagua wanaoiuzia, na mwaka 1999 vikakaguliwa vichinjio 41, vikafaulu 37. Miaka mitatu tu. Majengo kwa sehemu kubwa ni yale yale. Kilichobadilika ni kwamba mnunuzi mkubwa alisema tutahesabu, na mkifeli hatununui, basi ghafla bunduki za kuzimisha zikaanza kusafishwa na kutunzwa, na sakafu zikawekwa mikwaruzo wanyama wasiteleze.

Angalia walichokuwa wanahesabu, si vitu vya maabara. Ng'ombe wangapi wameanguka, wangapi wamelia wakisukumwa ama wakipigwa, wangapi wameguswa na kile kifaa cha umeme, wangapi wamezimika kwa pigo la kwanza. Mtu mmoja na daftari. Grandin alisema ng'ombe wakilia zaidi ya 3 kwa 100 ujue kuna shida, tafuta ni nini. Ng'ombe hamwongopei mtu, akilia ameumia ama ameogopa.

Sasa rudi kwetu. Kuna utafiti uliofanywa huko magharibi mwa Kenya, vichinjio 142 na wafanyakazi 738, na majibu yake yalichapishwa mwaka 2017. Mkaguzi wa nyama alikuwa anafika kwenye karibu vyote, asilimia 90, lakini kumkagua mnyama akiwa hai, kabla hajachinjwa, kulifanyika kwenye asilimia 7 pekee. Soma hiyo tena polepole. Serikali inafika, inavaa koti jeupe, inakata ini na mapafu na tezi, inapiga muhuri, na yule mnyama alipokuwa amesimama kwa miguu yake hakuna aliyemtazama. Ni magharibi hiyo, sio Nairobi, na sisemi namba zetu ni zile zile, lakini ukiangalia mfumo wetu wote ulivyopangwa, umepangwa kuangalia nyama. Ndiyo maana nasema ng'ombe hana mwenyewe pale kati.

Na katika utafiti huo huo robo ya wafanyakazi walisema wanaumia kazini kila mwezi. Kila mwezi! Visu vinateleza, ng'ombe anapiga teke, pembe inachoma, alafu kuna magonjwa ya wanyama kama bruselosisi na homa ya Q (Q fever) ambayo mtu anaweza kuyapata kwa damu na maji ya uzazi ya mnyama na akae anatibiwa malaria miezi. Wengi hawana hata glavu wala buti. Mtu ambaye mwili wake mwenyewe haulindwi na yeyote, ukimwambia alinde mwili wa mbuzi atakuangalia tu. Sisemi hii inampa ruhusa ya kupiga. Nasema anayetaka kumaliza ukatili bila kugusa maisha ya mchunaji anajisumbua, na pia anayesema tushughulikie watu kwanza wanyama baadaye hajaelewa kwamba ni shida moja. Ng'ombe anayeogopa ndiye anayempiga mtu teke, na mbuzi aliyetulia hamkati mtu mkono.

Kuna watu hapa watanijibu kwamba mnyama atakufa tu, saa moja ya kuteseka ina maana gani. Nimesikia hiyo hata kwa watu ninaowaheshimu. Lakini hebu fikiria hiyo saa moja imeanzia wapi. Mbuzi wa kichinjio cha Kiamaiko, pale mtaa wa Huruma, wengi wametoka Moyale, Marsabit, Isiolo, Garissa, wengine zaidi ya kilomita 700 juu ya lori, wamesimama, wamebanana, aliyeanguka anakanyagwa na wenzake mpaka afe ama avunjike, hawajanywa maji. Anapofika Huruma pale asubuhi amechoka kiasi kwamba hawezi kusimama vizuri, na ndipo anavutwa na mguu mmoja wa nyuma juu ya simiti hadi ndani. Aliyevunjika mguu anavutwa na ule ule uliovunjika kwa sababu ndio uko karibu na mkono wa mtu. Kwa huyo mnyama hakuna kitu kinaitwa saa moja tu.

Na hata kama huna huruma yoyote, nyama yenyewe inakwambia. Kwenye misuli ya mnyama kuna sukari iliyohifadhiwa, inaitwa glikojeni. Akichinjwa akiwa ametulia, hiyo sukari inageuka asidi baada ya kufa na ndiyo inafanya nyama iwe nyekundu nzuri, laini, inakaa. Akiogopa na kupigana na kukosa chakula safari nzima, sukari inaisha kabla ya kisu. Asidi haitoshi, nyama inakuwa nyeusi, kavu, inanata kwa kidole, na bakteria wanaipenda kwa hivyo inaharibika haraka. Wenye bucha wanalalamika nyama imekuwa nyeusi mchana mapema wanalaumu friji ama stima, na wakati mwingine ni kweli stima, lakini wakati mwingine ni ile fimbo. Pale palipopigwa pana damu iliyovilia, panakatwa na kutupwa. Hasara inaenda kwa mwenye bucha na kwa mteja. Mpigaji ameshalipwa kwa kichwa, ameenda nyumbani, hajui na hakuna njia ya yeye kujua.

Niingie pia kwenye dini, kwa heshima, kwa sababu Nairobi huwezi kuongea habari ya kuchinja ukaruka dini. Nyama nyingi tunayokula hapa, Mkristo na asiye Mkristo, imechinjwa na Mwislamu, ndivyo biashara ilivyo ili kila mtu aweze kununua. Na mara nyingi nimesikia watu wakisema ukatili unatoka kwenye kuchinja kwa kisu, kwamba hao ndio hawataki mnyama azimishwe. Hii naona si haki. Kwenye hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aws, Mtume anasema Mwenyezi Mungu ameandika ihsani juu ya kila kitu, mkichinja chinjeni vizuri, na mmoja wenu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Tena imekatazwa kunoa kisu mbele ya mnyama, na kumchinja mbele ya mwenzake. Chukua hayo matatu tu uyapeleke kwenye vichinjio vyetu vya Nairobi uone ni vingapi vitafaulu. Kisu kikali, mnyama ametulizwa, mwenzake haoni. Kwa hiyo sheikh na mtetezi wa wanyama wangeweza kuingia mlango mmoja pale Kiamaiko wakatoka na orodha inayofanana, na nashangaa kwa nini hawajafanya hivyo kwa nguvu.

Ubishi wa kuzimisha upo lakini, na ni wa kweli. Mbuzi na kondoo akikatwa vizuri huzimia haraka. Ng'ombe ana mishipa mingine nyuma ya shingo karibu na uti wa mgongo ambayo kisu hakiifikii, inaendelea kupeleka damu kwenye ubongo, kwa hivyo wengine huzimia ndani ya sekunde 20 hivi na wengine huchukua hata zaidi ya dakika. Ile bastola inayopiga chuma kwenye paji la uso inamzimisha papo hapo ikitumiwa vizuri. Kuna wanazuoni wanaokubali kuzimisha ambako mnyama angeweza kuamka kama asingechinjwa, kama wanavyofanya New Zealand kwa kondoo wa halali kwa umeme wa kichwani, na kuna wanaokataa kabisa. Mimi si wa kuamua hilo. Ninachojua ni kwamba kile kisu kifupi kinachochomwa kisogoni, ambacho mahali pengine bado kinatumika, hakimsaidii yeyote, hakitoki kwenye dini na hakitoki kwenye sayansi. Kinakata uti wa mgongo, ng'ombe anaanguka kama gunia, mtu anafikiri amezimika, kumbe amepooza tu na kichwa bado kinajua kila kitu. Wanaochuna wanamwona ametulia. Hicho kitu kingefaa kutoka leo.

Sheria zipo, hilo lisiwe kisingizio. Sura ya 360 ya kuzuia ukatili kwa wanyama inasema wazi kumpiga mnyama kikatili, kumtesa, kumtia hofu, kumbebesha kupita kiasi, yote ni makosa. Kuna Sura ya 356 ya kudhibiti nyama. Na Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imewapa kaunti vichinjio na pia ustawi wa wanyama, maneno hayo yako pale yameandikwa. Gavana yeyote anayesema hii si kazi yake hajasoma. Shida moja ya Nairobi ni mpaka, Dagoretti iko pale Nairobi na Kiambu zinapokutana, nyama inaliwa huku na kichinjio kiko upande ule, na ukilalamika unaweza kutumwa ofisi hadi ofisi. KSPCA, shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama lililoko Karen, wamefanya kazi kubwa miaka mingi, wamefundisha watu kutumia hizo bastola za kuzimisha, wameokoa punda na mbwa wasiohesabika, lakini ni shirika la hisani, haliwezi kuwa macho ya serikali kila alfajiri kwenye kila kichinjio.

Punda nikiwataja, ile hadithi yao inanifundisha kitu. Kuanzia 2016 vichinjio vinne vya punda vilipata leseni Kenya, Baringo, Nakuru, Machakos na Turkana, kwa ajili ya ngozi zinazoenda China. Punda wakaanza kuibwa usiku, mama wa kuteka maji akaamka punda hayuko, bei ikapanda. Watu wakaandamana, Februari 2020 waziri Peter Munya akapiga marufuku, mahakama ikaifuta ile marufuku 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukasimamisha biashara ya ngozi za punda bara zima kwa miaka 15. Hayo ni mafanikio na nayafurahia. Lakini punda alipata sauti kwa sababu alikuwa na mwenyewe, mtu aliyelia punda wangu. Ng'ombe wa Dagoretti ameshauzwa mara tatu kabla ya kufika, hakuna wa kulia.

Kuna utafiti mwingine wa Marekani ambao watu hupenda kuutupa kwenye mabishano haya, wa mwaka 2009, waliangalia kaunti 581 kutoka 1994 hadi 2002, wakaona mahali penye kichinjio kikubwa watu wengi zaidi hukamatwa kwa makosa ya jinai pamoja na ya ubakaji, hata ukilinganisha na viwanda vingine vinavyofanana. Ni utafiti mzito na usipuuzwe. Lakini tafadhali tusiuchukue tukaanza kuwatazama vijana wa Kiamaiko kama wauaji wa kesho. Ule ulihusu kaunti nzima, haukumpima mtu mmoja mmoja, na viwanda vyao vinachinja maelfu ya ng'ombe kwa siku kwenye mkanda usiosimama. Mimi nauchukua kama onyo la jinsi hii kazi inavyomla mtu anayeifanya. Nani kati yetu amewahi kumuuliza mchinjaji analalaje usiku? Tunamuogopa, tunamtania, mama hataki binti yake aolewe naye, alafu Jumapili tunaagiza kilo mbili choma. Kama kuna ushauri nasaha kwa polisi na madaktari, unafaa kuwepo kwa mtu anayekata shingo tangu akiwa na miaka 18.

Uingereza walifika mahali wakaamua England yote kila kichinjio kiwe na kamera kila sehemu penye wanyama hai, sheria ya 2018, picha zihifadhiwe siku 90. Hapa wengine wanataka tuige. Sipingi kamera, ni rahisi siku hizi, hata duka la mpesa lina kamera. Lakini kamera bila mtu anayeangalia na bila mtu anayefutwa kazi ni waya ukutani, na kamera inayomwangalia tu mchunaji huku mwenye kichinjio na broka wa malori hawaguswi nitaipinga, hiyo itakuwa ya kumfunga mnyonge.

Ningeanzia kwa mtu wa daftari. Kaunti imwajiri, si lazima awe daktari wa mifugo, mtu aliyekulia kwa ng'ombe kutoka Kajiado ama Marsabit angefaa kuliko mwenye digrii, asimame nyuma kule kwenye boma na mlangoni, ahesabu walioanguka, waliolia, waliofika wamevunjika kwenye lori gani namba gani. Zile hesabu zibandikwe ukutani nje, mahali wenye bucha wanazisoma. Lori linaloleta wanyama waliovunjika mara kwa mara lifungiwe. Wafanyakazi walipwe kwa siku, na ile pesa ya kichwa kama lazima ibaki, basi iongezwe siku ambayo wanyama hawakuanguka na hawakulia, ili kijana awe na sababu ya mfukoni ya kutoa ule mnyororo mlangoni mwenyewe kabla hajaambiwa. Supermaketi na hoteli kubwa za mjini, ambazo zinajua kuuliza nyama imetoka wapi zikitaka, ziombe ile karatasi ya hesabu kabla ya kulipa. Hizo ndizo zina nguvu ambayo ile kampuni ya Marekani ilikuwa nayo, na mpaka sasa sijaona hata moja ikiweka sharti kama hilo hadharani. Bajeti ya kaunti inasomwa kila Juni, na mshahara wa mtu mmoja wa daftari kwenye kila kichinjio chenye leseni ni kitu ambacho MCA (mwakilishi wa wadi) wa Huruma ama wa Njiru anaweza kukiomba mwaka huu huu kwa jina.